Mwaka wa Sayari

Zamani za Mtemi Mirambo, misafara ilipopita Unyamwezi, mpagazi wa Ulyankulu aliweza kukisia siku za safari kwa umbali wake. Njia ikizidi mara nne, siku nazo zilizidi kama mara nne, maana mwendo wa mwenye mzigo haukubadilika sana. Je, sayari nazo huenda hivyo?

La, haziendi hivyo. Sayari iliyo mbali na jua ina njia ndefu zaidi, na tena huenda polepole zaidi, kwa kuwa jua huivuta kwa nguvu ndogo. Basi mwaka wake hurefuka kwa sababu mbili. Johannes Kepler, Mjerumani, aliigundua kanuni yake mwaka 1618.

Kanuni ni hii. Umbali wa dunia na jua, yaani kilometa milioni 150 hivi, uhesabiwe kuwa 1. Andika umbali wa sayari kwa kipimo hicho mara tatu, uzidishe. Kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa namba hiyo hiyo italeta jibu lile. Hiyo ndiyo miaka yake.

Mathalan, umbali ukiwa 4:
4 × 4 × 4 = 64
8 × 8 = 64
Mwaka wake ni miaka yetu 8. Mpagazi angalisema 4!

Sayari kubwa, Mshtarii, umbali wake ni 5.2. Jibu la kwanza ni 140.6, na mwaka wake ni karibu miaka 12.

Kanuni hii yafaa hata kwa nyota nyingine. Mwaka 2019 nyota moja ya mbali ilipewa jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite; majina hayo yalitoka Tanzania. Umbali wao ni 0.046 tu. Lakini Mpingo ni nzito kuliko jua mara 1.56 hivi, nayo huvuta zaidi. Kwa hiyo jibu la kwanza ligawanywe kwa 1.56. Mwaka wa Tanzanite ni karibu siku 3. Juma moja la Ulyankulu ni zaidi ya miaka miwili ya huko!

Wataalamu wenyewe waliifuata kanuni kwa kurudi nyuma. Waliona nuru ya Mpingo ikififia kidogo kila sayari ilipopita mbele yake, wakazihesabu siku, ndipo wakapata umbali ambao hapana kamba iwezayo kuupima.

MASWALI
1. Sayari ina umbali wa 9. Mwaka wake ni miaka mingapi?
2. Umbali wa Mirihi ni 1.5 hivi. Je, mwaka wake wafika miaka miwili?
3. Kwa nini hesabu ya mpagazi haifai kwa sayari?