Mwongozo kwa Wafanyakazi Wanaogeuza Sukari Kuwa Asidi ya Oksaliki

Mwongozo huu unawahusu mafundi, wasaidizi na vibarua wanaofanya kazi penye asidi ya nitriki na sukari, molasi au wanga ili kupata asidi ya oksaliki. Kazi hii ni ya siku nyingi. Wakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele na Torbern Bergman, waliipata asidi hiyo kutokana na sukari mwaka 1776. Chembe zake nyeupe hung'oa kutu, husafisha mbao zilizofifia, na wafuga nyuki huzitumia dhidi ya utitiri wa varoa.

Glukosi ina kaboni sita. Ikioksidishwa kwa upole hubadilika upande mmoja tu na kuwa asidi ya glukoniki. Asidi ya nitriki haiishii hapo: hushika pande zote mbili, kisha huukata mnyororo hadi vibaki vipande vya kaboni mbili, ambavyo ndivyo asidi ya oksaliki. Njiani hutoka joto jingi na gesi ya kahawia, naitrojeni dioksidi.

Kwa hiyo anayesimamia pipa la mmenyuko asiondoe macho kwenye kipimajoto. Pale kichocheo cha vanadi kinapotumika, joto hushikiliwa kwenye nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi, na asidi huingizwa kidogo kidogo huku maji ya kupoza yakipita. Kila mtu huogopa joto likipanda. Likishuka ghafla na moshi wa kahawia ukakoma huku asidi bado inaingia, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu asidi inajikusanya bila kufanya kazi, na ikianza itawaka yote kwa mkupuo. Funga vali ya asidi papo hapo, acha maji ya kupoza yaendelee, mwite msimamizi. Usipashe moto ili "kuiamsha". Kikorogeo kikisimama fanya vivyo hivyo, na usikiwashe tena kabla mhandisi hajaamua.

Jambo la pili linahitaji msisitizo, maana mazoea yetu yanalipinga. Katika karakana nyingi, kimiminika kikimwagika, mtu hukimbilia maranda, unga wa mbao au matambara. Kwa asidi ya nitriki ni marufuku. Mbao, pamba, karatasi na maboksi ni selulosi, na selulosi imejengwa kwa glukosi ileile iliyomo kwenye pipa. Asidi kali itaishambulia sakafuni bila kipimajoto wala maji ya kupoza: kwanza moshi wa kahawia, kisha huenda ukazuka moto, pengine baada ya takataka kutupwa kwenye ndoo na watu kuondoka. Tumia mchanga mkavu, kisha nyunyiza magadi taratibu, ukisimama upande upepo unakotoka. Mapipa ya asidi yasikae juu ya palati za mbao. Glavu za ngozi au za kitambaa hazifai, na zile nyembamba za hospitali hazihimili asidi kali. Dai glavu nzito za mpira wa butili, miwani inayofunika macho pande zote, ngao ya uso, aproni na gambuti. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Unapopunguza ukali wa asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Chembe zilizokwisha kukauka zinafanana mno na sukari, nazo ni sumu: hunyakua kalisi mwilini na kuharibu figo. Zisiwekwe hata mara moja kwenye kopo la chakula au chupa ya maji. Aliyezimeza asitapishwe, apelekwe hospitali pamoja na lebo. Jicho lililoingiwa lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha mwenye jicho hilo aonane na daktari. Maji taka yenye oksaliki yatiwe chokaa kabla ya kutolewa, ili kalisi oksaleti ituame chini.

Ukiona hatari kubwa, ripoti mara moja kwa msimamizi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo.

La mwisho ni kwa wasimamizi wa zamu. Aliyevuta moshi wa kahawia anaweza kukohoa kidogo, akapata nafuu, akataka kwenda kulala. Mapafu yake yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, hata siku ya pili. Msimruhusu aende nyumbani, hata akisema hajambo. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mwambieni daktari kuwa amevuta naitrojeni dioksidi, na mwombeni amweke chini ya uangalizi.