HAMM NA HAZAN: MANENO MAWILI YA DHIKI YA MOYO



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, leo tuyatazame maneno mawili ambayo wengi wetu tunayasoma kila siku ndani ya dua, lakini tukiulizwa maana yake tunayachanganya. Nayo ni hamm na hazan.

Dua hiyo ameipokea Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa akimtumikia Mtume (S.A.W.), na imo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Anas anaeleza kuwa alikuwa akimsikia Mtume akiiomba mara kwa mara. Ndani yake mna kujikinga kwa Allah na mambo manane, na mawili ya mwanzo ndiyo haya.

1. HAMM

Wanafunzi wakiambiwa wafasiri neno hili, wengi huandika "hamu". Ni kweli hamu yetu imetoka huko, lakini katika Kiswahili cha leo hamu ni shauku: hamu ya kula, hamu ya kumwona mama. Ukifasiri hivyo utakuwa unamwomba Allah akuondolee shauku! Hamm ya kwenye dua ni fikra inayousumbua moyo kwa jambo ambalo bado halijafika: mtihani wa wiki ijayo, ada ya muhula, ugonjwa wa baba utaishia wapi.

Mzizi wa neno hili umezaa maneno mengi. Kuna hamma, yaani kukusudia jambo, kama lilivyokuja katika Surat Yusuf aya ya 24. Kuna himma, yaani nia ya juu na bidii, ndiko tulikopata "hima". Na kuna muhimm, ndilo "muhimu" letu. Maana zote hizi zinakutana mahali pamoja: moyo umeshughulishwa na jambo na umelielekea.

2. HAZAN

Hazan na huzn ni maana moja, na "huzuni" yetu imebakia karibu na asili yake. Ni maumivu ya moyo kwa lililokwisha kupita. Nabii Yaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe (Surat Yusuf aya ya 84), na katika aya ya 86 anasema kuwa huzuni yake anamshitakia Allah tu.

Waarabu pia huita ardhi ngumu yenye mashimo na mawe hazn, na kinyume chake ni sahl, ardhi laini. Babu yake Said bin al-Musayyib aliitwa Hazn. Mtume (S.A.W.) akataka kumwita Sahl, naye akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Said akasema kuwa ugumu ulibakia katika ukoo wao. Nayo huzuni huufanya moyo kuwa mahali pagumu pa kupita.

3. TOFAUTI YAKE

Imam Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H., sawa na 1350) amepambanua hivi: linaloumiza moyo likiwa limepita ni hazan, likiwa linakuja ni hamm, na likiwa lipo sasa ni ghamm.

Hata hivyo tusiifanye kanuni hii kuwa ya kila mahali. Katika Surat Yusuf aya ya 13, Nabii Yaqub anasema kuwa kumchukua Yusuf kutamhuzunisha, na wakati huo hawajaondoka naye. Kwa hiyo tusome neno pamoja na maneno yaliyolizunguka.

4. FAIDA KWETU

Maradhi haya mawili dawa zake ni mbali mbali. Mwenye hamm bado ana la kufanya. Naigeuze hamm iwe himma: asome, aombe dua, kisha amtegemee Allah, kama mtu aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee.

Mwenye huzuni hana la kurudisha. Mtoto aliyefiwa na mama yake ukimwambia "jitahidi tu", hujamsaidia kitu. Anahitaji subira, dua na mtu wa kukaa naye. Na kulia si upungufu wa imani. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, akasema kuwa moyo unahuzunika, na ulimi hautamki ila linalomridhisha Mola.

Wazazi wetu, mtoto akinyamaza msimwambie tu "acha mawazo". Muulizeni kwa upole: ni jambo lililopita au linalokuja? Na ikiwa usingizi na chakula vimemkimbia kwa siku nyingi, kumpeleka hospitali nako ni kumfunga ngamia.

ZOEZI

(a) Taja maneno matatu yatokanayo na mzizi wa hamm.
(b) Kwa nini "hamu" si tafsiri sahihi katika dua hii?
(c) Rafiki yako amefeli mtihani na anaogopa kurudi nyumbani. Ipi ni hamm yake na ipi ni hazan yake? Utamwambia nini?

Wallahu a'lam.