Jino la Mwenye Waya Linapocheza

Jioni simu inaita Mboko, wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo. Mjukuu aliyeko Marekani anafungua mdomo mbele ya kamera: meno yote yamefungwa waya. "Bibi, ona jino hili, linacheza!" Analisukuma kwa ulimi, nalo linatikisika kweli. Huku watu wanashika vichwa.

Familia nyingi za Fizi zina mtoto wa namna hiyo. Tangu vita vya 1996 wengi walivuka Ziwa Tanganyika, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, na baadhi wakapelekwa Marekani, ambako kunyoosha meno ya mtoto si jambo la ajabu. Wengine hufungiwa waya mjini, wakarudi nazo nyumbani likizo.

Kwa nini linacheza?

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi ndogo sana, kama mtumbwi uliofungwa kamba ufukweni. Nafasi kati ya mzizi na mfupa ni milimita 0.2 hivi. Waya ukisukuma, mwili unaumega mfupa ulio mbele ya jino na kujenga mwingine nyuma yake. Kwa mwendo huo jino husogea karibu milimita 1 kwa mwezi. Mfupa mpya haujakomaa, basi jino litacheza kidogo, ndiyo kazi yenyewe. Mwambieni tu aache kulichokonoa kwa ulimi na vidole. Maumivu ya siku chache baada ya waya kukazwa ni ya kawaida pia. Paracetamoli kwa kipimo chake inatosha.

Tazameni ufizi

Mimi ningeuliza habari za ufizi kabla ya jino. Ukiwa mwekundu, umevimba, unatoka damu kila mswaki ukipita, au una usaha, huenda ugonjwa unakula mfupa, na mfupa huo haurudi wenyewe. Waya hunasa chakula: kipande cha muhogo kikikwama pembeni ya kitufe cha chuma kinachoshika waya kitalala hapo mpaka asubuhi. Mtoto asugue meno kila baada ya kula, juu na chini ya waya, kwa mswaki laini na dawa yenye floridi. Muwa aache kabisa (najua ni adhabu), na mahindi ya kuchoma vilevile. Bugali na ndakala za mchuzi hazina shida.

Jino likilegea zaidi wiki hadi wiki, likiuma bila kuguswa, au likiwa limegongwa, apigiwe daktari aliyefunga waya. Daktari huyo akiwa mbali, nendeni kituo cha afya mwelekezwe kwa daktari wa meno. Msiling'oe. Koleo la fundi baiskeli lisiingie mdomoni. Ncha ya waya ikichoma shavu, ifunikwe kwa nta ya meno.

Waya zikitolewa

Meno yataendelea kucheza kidogo kwa miezi kadhaa, nyuzi zikijifunga upya. Ndiyo maana daktari hutoa kifaa cha kuyashikilia. Kile cha plastiki huvuliwa wakati wa kula na kuoshwa kwa maji baridi. Maji ya moto hukipinda, na kikishapinda hakiingii tena.