Mtoto Anayejiumiza Hata Akiwa Peke Yake

Walezi wengi wa watoto wenye usonji au ulemavu wa akili wamewahi kupewa ushauri huu: "Mpuuze tu, ataacha." Kwa mtoto anayejing'ata ili mama aache kazi amgeukie, ushauri huo una mantiki. Lakini wapo watoto wanaojing'ata mikono, kujipiga makofi au kugonga kichwa ukutani hata pasipokuwa na mtu chumbani. Kumpuuza mtoto wa namna hiyo hakumsaidii, maana hakuwa akimtafuta mtu. Anachokipata kinatoka kwenye tendo lenyewe: mgandamizo kwenye taya, mtetemo kichwani, mwanga unaometameta anapobonyeza jicho, au nafuu ya maumivu yaliyoko mahali pengine mwilini. Wachanganuzi wa tabia huiita hali hii tabia inayojituza yenyewe. Kiboko nacho hakiiondoi. Kinamwongezea maumivu mtu ambaye tayari anaumia.

Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowapa wataalamu njia ya kupima badala ya kubahatisha. Waliwaangalia watoto na vijana 9 waliokuwa wakijiumiza, kila kipindi dakika 15, katika hali tofauti. Katika hali moja mtoto alipewa kazi, na akijiumiza kazi ilisitishwa. Katika nyingine mtu mzima alikaa kimya na kumjali mtoto pale tu alipojiumiza. Katika ya tatu mtoto aliachwa peke yake bila kitu cha kuchezea, na katika ya nne alicheza huku akisifiwa bila kudaiwa lolote. Hali ambamo tabia ilipanda ndiyo iliyoonyesha inalishwa na nini. Mwaka 1994 Iwata na wenzake walitoa muhtasari wa wagonjwa 152: takriban asilimia 38 walijiumiza ili kukwepa jambo, asilimia 26 ili wajaliwe au wapewe kitu, na karibu asilimia 26 tabia yao ilikuwa ya kujituza. Kwa hiyo tunazungumzia takriban mmoja katika kila wanne.

Anza hospitali. Mtoto asiyeweza kusema "sikio linaniuma" anaweza kulipiga sikio hilo kutwa nzima. Jino lililooza, usaha sikioni na choo kigumu vyote vimewahi kuchochea tabia hizi, hasa zinapozuka ghafla au kuja kwa vipindi. Mtoto anayekula udongo au kubandua rangi ya ukutani na kuila apimwe wingi wa damu, minyoo na, pale kipimo kinapopatikana, madini ya risasi. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno "ni usonji tu" kabla kinywa na masikio hayajaangaliwa.

Kisha fungua daftari. Andika saa, mahali alipo na aliye naye, kilichotangulia, na kilichofuata. Mathalani: "Saa 4 asubuhi, jikoni, nikampa sahani aoshe, akajing'ata, nikaichukua sahani." Ukiona mistari kama hiyo inajirudia, huenda anakwepa kazi. Ikiwa hujing'ata kila unaposhika simu na huacha ukimsemesha, anatafuta kujaliwa. Ila daftari likionyesha anajing'ata akiwa na watu, akiwa peke yake, akiwa na kazi na akiwa hana, una sababu ya kushuku kwamba tabia inajituza.

Shaka hiyo hupimwa kwa njia rahisi. Ondoa vyote vinavyoweza kumdhuru, mwache mtoto chumbani bila kitu cha kuchezea, na umtazame kupitia dirisha au mlango uliorudishiwa, pale ambapo hakuoni. Dakika 5 zinatosha kwa kipindi kimoja; rudia vipindi kadhaa. Tabia inayotaka watu hufifia kadiri vipindi vinavyoendelea, ilhali ile inayojituza hubaki palepale. Jaribio hili halifanyiki nyumbani kwa mtoto anayegonga kichwa kwa nguvu, anayejidunga macho au aliyewahi kuvuja damu. Kudunga macho kunaweza kubandua retina na kupofusha. Huyo apelekwe kwa mtaalamu mapema.

Sasa tiba, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Chukua mtoto wa miaka 8 anayejing'ata mkono chini ya kidole gumba hadi ngozi imeota sugu. Tusianze kwa kumshika mkono. Tuanze kwa kutafuta kitu kitakachoupa mdomo na mkono wake kazi inayofanana. Kusanya vitu vinane au kumi: mpira mgumu wa kutafuna uliotengenezwa kwa ajili hiyo, kitambaa kizito kilicholowa maji baridi, beseni la mchanga, kifaa kinachotetemeka, redio. Mpe kimoja kwa dakika 3, andika ni muda gani amekishika na amejing'ata mara ngapi, kisha mpe kinachofuata. Siku nyingine rudia kwa mpangilio tofauti. Unachotaka ni kitu anachokishughulikia muda mrefu huku kujing'ata kukishuka karibu na sifuri. Kitu anachokipenda lakini anaendelea kujing'ata akiwa nacho hakifai kwa kazi hii, hata kama kilinunuliwa kwa bei ghali.

Vitu vilivyoshinda mwachie mchana kutwa, bila masharti. Usivifanye zawadi ya kuacha kujing'ata. Viwepo kabla hajaanza. Vibadilishe kwa zamu kwa sababu atavichoka. Asiyejua kukitumia kitu, mwongoze mkono na umsifu. Kuzuia jino lisifike kwenye ngozi kunaweza kusaidia, lakini kuzuia peke yake mara nyingi huleta hasira, mateke na ugomvi. Kuambatane daima na kumpa cha kufanya badala yake.

Hata hivyo watoto hawafanani. Mwaka 2015 Louis Hagopian na wenzake, wa taasisi ya Kennedy Krieger mjini Baltimore, walionyesha kwamba wale ambao tabia yao hushuka wakipewa mchezo huitikia tiba hii vizuri zaidi. Wale wanaojiumiza kwa kiwango kilekile hata wakiwa wamezungukwa na vitu wanavyovipenda huhitaji mchanganyiko wa mbinu na usimamizi wa karibu. Ukiona mtoto wako yuko kundi la pili, usijilaumu kwamba hujajitahidi.

Na si kila tabia inayojituza inahitaji kutibiwa. Kupunga mikono, kuyumbayumba au kuimba neno moja mara nyingi humtuliza mtoto na hakumdhuru mtu. Kumnyang'anya hayo kwa sababu wageni wanashangaa ni kumwonea. Tibu kinachojeruhi, kinachotia sumu mwilini, au kinachomzuia kula, kulala na kujifunza.

Wachanganuzi wa tabia bado ni wachache Afrika Mashariki, kwa hiyo unaweza kukutana kwanza na daktari wa watoto, mtaalamu wa tiba kazi au mwalimu wa elimu maalumu. Mpelekee daftari hilo pamoja na orodha ya vitu ulivyojaribu. Akikuambia umpuuze mtoto au umchape, mwonyeshe ukurasa ulioandika alipokuwa peke yake, umwombe ausome kabla hajaendelea.