Je, Mhubiri Akichochea Chuki, Ashitakiwe?



Tuseme leo ni siku ya mnada kijijini kwenu. Umeuza mbuzi wako, umenunua chumvi na sabuni, sasa umesimama chini ya mwembe unapumzika. Pale karibu na mashine ya kusaga yupo mhubiri mwenye kipaza sauti. Kwanza anasoma kitabu chake kitakatifu. Halafu anasema dini ya wale wenzetu ni ya uongo. Wengine wanacheka, wengine wananuna. Anaendelea. Anasema, msinunue nyama yao wala msikae nao. Mwishoni sauti inapanda. Anasema wale si watu bali ni nyoka, na nyoka akiingia nyumbani mnajua la kufanya.

Je, serikali imkamate huyu? Na kama ndiyo, imkamate kwa neno lipi?

Usiharakishe kujibu. Ametamka maneno matatu, na uzito wake haulingani.

Neno la kwanza: dini yao ni ya uongo

Lipo jambo la kweli lililotokea Morogoro. Mhubiri mmoja wa Kiislamu alisema mbele ya watu kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Akakamatwa. Akashitakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinasema ni kosa kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mahakama ya Wilaya ikamhukumu kifungo cha miezi 18. Jambo hilo lilileta maandamano Dar es Salaam mwaka 2001, na watu wengine wakatiwa ndani. Mhubiri akakata rufaa. Mahakama Kuu ikampunguzia kifungo akatoka, lakini ikasema kosa liko pale pale. Yeye hakuridhika. Akaenda mbele hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini. Mwaka 2003 kesi ile ikawa imekwisha: Mahakama ya Rufani ilifuta hatia yake.

Kwa nini? Tazama tena hilo neno "kusudi". Sheria haisemi ni kosa mtu akiumia moyo. Inasema ni kosa msemaji akiwa amekusudia kuumiza. Kwa Mwislamu, kusema vile ni sehemu ya imani yake. Mkristo naye imani yake inasema kinyume. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini yake, na kuitangaza pia. Basi mtu akitamka tu anachoamini, hilo peke yake halionyeshi kwamba alikusudia kumwumiza jirani.

Mimi naona mahakama ilisema sawa. Hebu fikiri. Kama kusema "imani yako si ya kweli" ni jela, basi Ijumaa tungewafunga mashehe, Jumamosi Wasabato, na Jumapili mapadri na wachungaji. Nani angebaki wa kuzika watu?

Tena sheria ikitumiwa ovyo katika mambo haya, huleta msiba. Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, polisi walikwenda kuwakamata watu waliodaiwa kukashifu dini ya wengine. Ghasia zikazuka, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Maneno yalikuwa ya kuudhi tu, lakini maiti zilikuwa za kweli.

Neno la tatu: wale ni nyoka

Nimeruka neno la pili makusudi. Nitalirudia.

Sote tunajua kuchochea moto ni nini. Mama jikoni haanzi moto upya, anasogeza kuni tu na moto unawaka. Ndiyo maana sheria inatumia neno "uchochezi". Mchochezi hukuta makaa yapo: wivu wa ardhi, deni la zamani, msiba ambao haukuelezwa vizuri. Yeye anasogeza kuni, kisha anakaa mbali asiungue.

Majirani zetu wa Rwanda waliona jambo hili. Mwaka 1993 ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Redio hiyo ilikuwa ikiwaita Watutsi "inyenzi", maana yake mende. Mende haulizwi jina lake, hukanyagwa. Mwaka 1994, kwa muda wa siku kama 100, watu laki nane au zaidi waliuawa, wengi wao Watutsi. Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama maalumu, na mahakama hiyo ilikaa kwetu Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mwaka 2003 iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile, pamoja na mwenye gazeti moja. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao, lakini haikuwaachia.

"Hao ni watu wa redio," utasema. "Sisi tunazungumza viongozi wa dini." Haya, sikiliza habari ya Nyange.

Nyange ni parokia ya magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia ndani ya kanisa hilo. Walidhani nyumba ya Mungu itawaokoa. Wauaji wakashindwa kuingia. Likaletwa tingatinga. Dereva alisita, akamwuliza padri wa pale, Athanase Seromba, kama kweli alibomoe kanisa. Aliuliza zaidi ya mara moja. Padri akamjibu alibomoe, akasema Wahutu ni wengi, watajenga jingine. Kanisa likaangushwa juu ya watu waliokuwemo.

Padri hakushika usukani wala panga. Mwaka 2006 mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15, ikiona kwamba alikuwa msaidizi tu. Lakini mwaka 2008 majaji wa rufaa walikataa hesabu hiyo. Walisema kwa maneno yake kwa yule dereva, na kwa mwenendo wake siku ile, yeye mwenyewe ni mtenda kosa. Wakampa kifungo cha maisha.

Hayakuwa mahubiri, ni kweli. Lakini tazama dereva alimwuliza nani. Pale palikuwa na wakubwa wa serikali pia. Alitaka kusikia kwa padri. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kiongozi wa dini na mtu mwingine. Mlevi akisema kilabuni kwamba fulani auawe, watu hucheka na kumpeleka kulala. Shehe, padri au mchungaji akisema, yupo mtu atakayedhani ametumwa na Mungu. Na mtu aliyetumwa na Mungu haogopi polisi.

Kwa hiyo neno la tatu, kwa maoni yangu, lishitakiwe bila kuangalia kanzu wala kola. Kumchochea mtu atende jinai ni jinai. Kuna wanaosema mtumishi wa Mungu hahukumiwi na mahakama za watu. Sawa, lakini katika sheria zetu hakuna kifungu kinachosema hivyo. Uhuru wa dini uliomo katika Katiba ni wa kila mtu, pamoja na yule anayeitwa nyoka.

Neno la pili: msinunue nyama yao

Hili ndilo gumu, na ndilo linalosikika zaidi vijijini kwetu. Halisemi "ua". Halisemi hata "piga". Kila mtu ana hiari ya kula nyama anayotaka. Lakini kumbukeni ugomvi wa kuchinja uliotokea kanda ya ziwa: nani achinje nyama ya kuuza buchani, Mwislamu au Mkristo? Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo ulifika kwenye mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Kuni zilikuwa zimesogezwa siku nyingi.

Je, tumfunge kila anayesema msile kwao? Mimi nasema hapana. Ukimfunga huyo, kesho utamfunga na mama anayemkataza mwanawe kula kwa jirani. Halafu neno "uchochezi" ni tamu sana mdomoni mwa wakubwa. Mhubiri akisema mtendaji amekula fedha za josho, wapo watakaoruka: anachochea, akamatwe! Huo si uchochezi wa chuki. Kama amemsingizia mtendaji, mtendaji aende akadai haki yake kama raia mwingine. Sheria hii ikiwa pana mno, wa kwanza kukamatwa watakuwa wasema kweli.

Neno la pili lipelekwe barazani mapema. Wazee wa dini zote mbili wamwite mhubiri, wamwambie pana makaa hapa. Mara nyingi husikia, hasa akiambiwa na wa dini yake mwenyewe. Asiposikia, akaendelea mpaka neno la tatu, basi wa kumshitaki wapo na ushahidi upo.

Ukisikia, ufanye nini?

Kesi za maneno hushinda au kushindwa kwa maneno yenyewe. Wewe unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika alisema nini hasa, si ulivyoelewa wewe. Andika siku, mahali, na nani wengine walisikia. Kama yupo aliyenasa sauti kwa simu, mwambie aitunze, asiisambaze. Peleka kwa mtendaji au polisi.

Usilipize. Usibebe habari ya kusikia. Oktoba 2012 huko Mbagala, Dar es Salaam, ulianza ugomvi wa vijana wadogo wawili juu ya Kurani. Habari ikatoka mdomo hadi mdomo, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Wengi wa waliokwenda kuchoma hawakuwepo pale vijana walipogombana.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Neno "kusudi" katika kifungu cha 129 linamlinda nani?

2. Kwa nini dereva wa tingatinga alimwuliza padri?

3. Mwandishi anasema neno la pili lisipelekwe mahakamani kwanza. Baadhi yenu mtapinga. Semeni sababu zenu, na kila mmoja atoe mfano wa neno alilolisikia yeye mwenyewe, likitoka kwa kiongozi wa dini yake mwenyewe, si ya jirani.