Haki ya Mtunzi na Haki ya Msomaji



Ukimwibia jirani debe la mahindi, yeye hubaki bila debe lile. Wimbo si hivyo. Ukiunakili wimbo wa mtu, yeye bado anao. Basi amepoteza nini? Amepoteza malipo ya jasho lake. Ukiuza nakala 100, watu hao 100 hawatanunua tena kwake.

Wakati wa kaseti jambo hili lilienea sana. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili nyimbo za bendi na kuziuza sokoni. Wanamuziki walisikika kila mahali, lakini mifuko yao ilikuwa mitupu. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu 1966. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria nyingine. Sheria hiyo humlinda mtunzi mara anapotunga. Halazimiki kujiandikisha kwanza. Humlinda maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa, ili watoto wake nao wapate. Kisha kazi yake huwa ya watu wote.

Fanya hesabu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Ongeza 50. Umepata ngapi?

Lakini kama kila ukurasa ungehitaji ruhusa, sisi wa madarasani tungefanyaje? Nimefundisha darasa lenye kitabu kimoja tu, najua taabu yake. Sheria imeliona hilo. Waweza kunakili kurasa chache kwa matumizi yako mwenyewe. Waweza kunukuu maneno, ukitaja jina la mtunzi. Mwalimu aweza kutumia sehemu ya kazi kuwa mfano wa somo. Kuchapa kitabu kizima na kukiuza mnadani, hapana.

Waliosahauliwa muda mrefu ni wasioona. Wao husoma kwa vidole, maandishi ya nukta nundu, au husikiliza. Katika nchi nyingi, kukigeuza kitabu hivyo kulihitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Mwaka 2013 mataifa yalikutana Marrakesh, nchini Morocco, yakakubaliana kwamba nakala hizo zitengenezwe bila ruhusa, mradi zisiwe za kutafuta faida. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Kwa maoni yangu mtunzi hakupoteza kitu hapa. Nakala hizo hazikuwapo dukani.

Jadilianeni darasani: Kikundi cha ngoma cha kijiji kimetunga wimbo. Mgeni ameurekodi kwa simu, na sasa anauuza mjini. Kikundi kifanye nini? Na kama anausikiliza nyumbani kwake tu, je?