SOMO LA ROBO HII: LUGHA YA WACHACHE NA NGUVU YA SHERIA

Katika toleo hili tunajifunza kutoka kwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwei, nchi yenye Walutheri wengi. Lengo la somo ni kuelewa kwamba sheria ya lugha husaidia pale inapomtaja mwenye wajibu.

1. Sheria ilivyobomoa

Mwaka 1898 walimu wa kaskazini waliagizwa kutumia Kisami pale tu mtoto aliposhindwa kabisa kuelewa Kinorwei. Mwaka 1902 kanuni za ardhi za mkoa wa Finnmark zilitaka mnunuzi wa ardhi ya serikali ajue kusema, kusoma na kuandika Kinorwei. Basi wazazi wengi waliacha kusema Kisami na watoto wao, wakiwatakia maisha mepesi. Kanisa nalo halikujitenga. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Norwei ulikiri sehemu yake katika dhuluma hiyo.

2. Sheria ilivyojenga

Mwaka 1979 vijana wa Kisami waligoma kula mbele ya Bunge, Oslo, wakipinga bwawa la umeme katika mto Alta. Bwawa lilijengwa, lakini serikali iliunda tume ya kuchunguza haki za Wasami. Matunda yake ni Sheria ya Wasami ya 1987, kifungu cha Katiba cha 1988, na Bunge la Wasami lililofunguliwa 1989.

Kanuni za lugha zilianza kutumika mwaka 1992 katika halmashauri sita. Humo, mwananchi akiandika kwa Kisami, ofisi imjibu kwa Kisami. Mgonjwa alipata haki ya kuhudumiwa kwa lugha yake, na muumini vilevile kanisani.

3. Upinzani

Kåfjord ni mojawapo ya halmashauri hizo sita, na familia nyingi huko zina asili ya Kisami. Hata hivyo, kibao cha barabarani chenye lugha mbili kilipigwa risasi. Mji wa Tromsø uliomba kujiunga, lakini baada ya uchaguzi wa 2011 baraza jipya liliondoa ombi hilo. Bunge la Norwei liliomba radhi mwaka 2024.

4. Tunajifunza nini?

Sheria ikisema tu “lugha zote ziheshimiwe”, hakuna anayedaiwa. Ikisema ofisi gani ijibu, wapi, na kwa fedha ya nani, mnyonge ana pa kusimamia. Tena, haki hiyo huombewa kura, na kura inaweza kuiondoa.

Maswali ya kamati

1. Mzee asiyejua Kiswahili vizuri akiletewa fomu ya mradi atie dole gumba, nani ana wajibu wa kumsomea kwa lugha yake?
2. Wajibu huo umeandikwa wapi?
3. Gharama ya kutafsiri imo katika bajeti tunayowapelekea wafadhili?